Hodi ya Jakobsberg

Kwao Amne, hodi haiitikiwi ovyo. Alizaliwa katika kisiwa kidogo upande wa Pemba, kisiwa cha popo wakubwa na wanawake wasokota kamba za makumbi ya nazi, na huko hata mtoto mdogo anajua: ukisikia hodi, uliza kwanza ni nani. Binadamu atataja jina lake. Akijibu "mimi" tu, nyamaza kimya, kwa sababu jini hana ubavu wa kutaja jina mlangoni kwa mtu.

Lakini Jakobsberg hii ya Uswidi humsahaulisha mtu. Stockholm hii nani anapiga hodi? Watu hubonyeza kengele, tena baada ya kuulizana wiki nzima kwa simu. Basi alasiri moja ya Novemba, giza limeshatanda kama kawaida ya huku, Amne yuko jikoni anakuna nazi, akasikia sauti ya kwao kabisa mlangoni: "Hodi." Moyo ukamruka kwa furaha, maskini wa Mungu. Akaitikia palepale, "Karibu."

Alipofungua, hapakuwa na mtu. Ngazi zilinuka makumbi, yale yanayofukiwa kwenye tope la pwani mpaka yaoze, na mbele ya kizingiti sakafu ilikuwa imelowa. Akasema moyoni ni viatu vya jirani, akapiga deki, akafunga mlango.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Hiba, wa miaka saba. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Umbembeleze, umgombeze, wapi. Asubuhi iliyofuata mtoto akakaa mezani akasema, "Mama, nna njaa." Amne nusura alie. Akashuka mpaka kwa Josiane, Mrundi wa ghorofa ya chini, kwenda kumringia.

Furaha yenyewe haikudumu. Mwalimu akapiga simu kusema Hiba siku hizi hajibu darasani, akisemeshwa Kiswidi anamkodolea mtu macho. Halafu Amne akamkuta ameketi sakafuni, shali ya sufu ameifumua nyuzi, anazisokota kamba juu ya paja kwa kiganja, vilevile alivyokuwa akisokota bibi yake, aliyekufa Hiba hajazaliwa.

"Nani kakufundisha?" Amne akauliza.

"Kwani hii hufundishwa?" Mtoto hakuinua kichwa. "Popo wamerudi kule msituni, mama? Mliwakatia miti yao."

Amne hakuwahi kumsimulia habari ya miti ile. Tangu hapo akawa anamwangalia kwa jicho la pembeni. Akimwogesha anamnusa nywele. Akimlaza anamsikiliza anavyopumua. Na kila alipopita mlango wa chumba chake alisikia kiganja kikisugua paja, taratibu, bila kuchoka, na ile harufu ya makumbi ikimfuata ukumbini mpaka jikoni, mpaka kwenye shuka, mpaka akaanza kumwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na kuogopa huko kukamuumiza kuliko kitu chochote.

Akampigia simu shangazi yake, Bi Kamila, mganga wa kisiwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona wanong'ona?"

Amne akamweleza yote. "Ulimkaribisha mwenyewe," akasema Bi Kamila. "Basi usimfukuze kwa ubani, atakasirika. Mgeni husindikizwa. Mpeleke majini, mpe wali wa nazi, muage kwa heshima. Ukishaaga usigeuke nyuma, hata uitwe na nani. Na mtoto umshike mkono, usimwachie. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi mchana wakapanda basi mpaka ufukweni mwa ziwa Mälaren. Maji yalikuwa meusi, na watu hakuna. Amne akaweka sahani kwenye jiwe, akasema, "Mgeni wetu, tumekula pamoja, sasa rudi salama." Upepo ukaipindua sahani. Hiba akajichomoa mkononi akaikimbilia, akapotea nyuma ya jiwe, na kabla Amne hajamwita, mkono mdogo ukarudi kiganjani mwake. Ulikuwa umelowa na una sugu. Baridi hii, akajiambia, wakaondoka.

Hawajafika barabarani, nyuma yao sauti ikalia kwa Kiswidi, "Mamma, vänta!" ikimsihi asubiri. Ilikuwa sauti ya Hiba, ile ya zamani. Amne akauma meno. Mtoto wake si huyu hapa, kamshika? Akakaza mwendo huku machozi yakimtoka, na sauti ile ikiwafuata, ikikwama, ikiita, mpaka mlango wa basi ukajifunga na basi likaondoka, naye hakugeuka hata mara moja, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asigeuke.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Akamshukuru Mungu, akapasha maziwa. Hiba akakaa mezani. Jioni ile mlango ukagongwa kwa ngumi ndogo, chini, usawa wa kifua cha mtoto.

Safari hii Amne hakusahau. Akasogea mpaka mlangoni, akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

"Hiba," ikajibu sauti, imepwelea kwa kulia, meno yakigongana kwa baridi. "Mamma, det är jag. Hiba." Mama, ni mimi, Hiba.

Jina limetajwa. Mkono wa Amne ukabaki juu ya kitasa. Nyuma yake akasikia kiganja kikisugua paja, taratibu.

"Na wewe uliyekaa hapo," akasema bila kugeuka, "ni nani?"

Kusugua kukakoma. Mezani mtoto akacheka kidogo, kwa upole, kama mgeni aliyezoea nyumba.

"Mimi," akasema.