Mtu wa Ng'ambo ya Bwawa

Chongo hakuwa na chongo. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima, ila tangu aanze kazi ya kupiga picha alizoea kufumba la kushoto hata akiwa anatafuta chumvi mezani. Dada yake ndiye aliyempachika jina hilo, nalo likamganda. Na dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, dada aliacha shule, akakaa kwenye cherehani, akamvisha, akamlisha, akamsomesha. Hata kamera ya kwanza ya Chongo ilitoka kwenye cherehani ile ile. Kwa hiyo nikikwambia Chongo alikuwa na mtu mmoja tu duniani, elewa sitii chumvi.

Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti. Kiti kimoja, pazia la bluu, "inua kidevu kidogo", basi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye milima na maji. Akapiga picha kumi alizoona ni kali, akazipeleka kwa mchapaji wa kalenda, mzee mpole mwenye wino usiotoka kwenye kucha.

Mzee alizipekua moja moja.

"Zimelala," alisema.

"Zimelala vipi, mzee?"

"Unapiga saa sita, jua liko utosini, kila kitu kimekuwa bapa. Halafu unaweka kila kitu katikati, utadhani mlima nao unaomba pasipoti."

Chongo alinuna. Mzee akavuta karatasi chakavu, akachora mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, vikatokea visanduku tisa.

"Gawanya hivi. Mbele weka jiwe, jicho lipate pa kuingilia, na fokasi iwe kwenye hilo jiwe. Mwanga usubiri ulale, uje kwa ubavuni. Halafu kitu chako kikae hapa." Penseli yake ikazunguka pale mistari inapokutana juu kushoto. Ikazunguka. Ikazunguka tena, mpaka karatasi ikatoboka. "Nenda kwenye lile bwawa nyuma ya machimbo ya kokoto. Ukinipatia picha ya maana, nakuweka Januari, ukurasa wa kwanza. Ila usiende peke yako. Una ndugu?"

"Nina dada."

"Nenda naye."

Wakaenda jioni hiyo hiyo. Dada alibeba stendi ya kamera begani, chupa ya chai mkononi, na utepe wa kupimia nguo ukining'inia shingoni, maana huo hakuuvua hata kanisani.

"Yaani nimeacha gauni la bibi harusi halina mikono, nakuja kutazama maji," alilalamika. "Maji si yapo hata kwenye ndoo?"

"Dada nawe! Kaa hapo nyuma, utaona kazi."

Na kweli kazi ilikuwepo. Jua lilianza kulala, kila tete likapata kivuli chake, maji yakawa na rangi ya chai ya rangi. Vyura walikuwa wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Chongo akaweka jiwe mbele, akalipigia fokasi, akabonyeza.

Kacha.

Vyura wote wakanyamaza.

Wote. Kwa mara moja.

"Chongo," dada alinong'ona. "Unasikia harufu?"

Aliisikia. Ilikuwa harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye maji siku nyingi. Akatazama kioo cha kamera. Ng'ambo ya bwawa, juu kushoto, pale pale penye makutano ya mistari, alisimama mtu. Amewapa mgongo. Chongo akainua kichwa kutazama kwa macho yake.

Matete tu.

"Dada, kuna mtu kule?"

"Mtu gani? Mie naona majani. Twende, sipapendi hapa."

Usiku ule Chongo aliikuza picha kwenye kompyuta. Jiwe la mbele lilikuwa kali, na vya mbali vyote vilififia, kama inavyotakiwa. Isipokuwa mtu yule. Ungeweza kuhesabu nyuzi za shati lake. Na vivuli vyote, vya matete, vya jiwe, vilikimbia jua. Cha kwake kililielekea.

Alisogeza kiti nyuma, lakini ubishi wa kazi ukamshinda. Picha ilikuwa nzuri mno. Bila mtu yule isingekuwa kitu.

Asubuhi alimpelekea mchapaji kadi yenyewe ya kamera. Mzee aliitazama kwa karibu. Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, polepole, na macho yake yakalengwa machozi. Chongo, masikini, akadhani ni mwanga umemgusa.

"Nzuri," mzee alisema kwa shida. "Ila huyu mtu mtoe."

"Nimtoe? Si ndiye picha yenyewe!"

"Mtoe, mwanangu. Mkono wangu mimi hauwezi."

Haya. Januari ni Januari. Chongo akakaa kwenye kompyuta ya mzee, akachota matete ya pembeni akafunika miguu, akafunika kiuno, akafunika kichwa. Na mzee akiwa amemsimamia mabegani akihema, akasevu juu ya ile ya mwanzo. Kosa hilo hata anayejifunza leo huonywa. Picha ya mwanzo haiguswi!

"Amekwisha kabisa?" mzee aliuliza. "Hamna nakala nyingine?"

"Hamna."

Mzee alishusha pumzi ndefu. "Sasa pale panaonekana kiraka. Karudie leo, mwanga ule ule. Na dada yako."

Dada aligoma. Alisema pale mahali hapamwingii moyoni, na gauni la watu linasubiri. Chongo alipoanza kufungasha peke yake, dada akaguna, akajifunga kitambaa chake cha njano kichwani, akachukua chupa ya chai, akajitwika stendi.

"Nani atakubebea madude yako? Haya, tangulia."

Walipofika, Chongo alimsimamisha nyuma yake kabisa, asiingie kwenye picha. Dada akamshika upindo wa shati, kama Chongo alivyokuwa akimshika yeye utotoni. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja. Lenzi ikakataa kushika jiwe. Zii... zii... ikawa inatafuta. Zii...

Vyura wakanyamaza.

Harufu ikaja.

"Chongo," dada alinong'ona.

"Subiri, dada. Mwanga unakwisha."

"Chongo, miguu yangu imelowa."

Angegeuka. Alisimama pakavu, dada yake yuko pakavu, miguu inalowaje? Lakini jicho moja lilikuwa kwenye kamera na lingine limefumbwa, kama kawaida yake, na mwanga ule haukai.

"Sekunde moja tu."

Lenzi ikaacha jiwe. Ikavuka maji yenyewe. Ikashika kitu juu kushoto.

Kacha.

Na upindo wa shati ukaachiwa.

Chongo aligeuka. Chupa ya chai ilisimama pale pale. Ndala za dada zilikaa pamoja, zimeelekea majini, kavu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Halafu akatazama kioo cha kamera.

Mwanamke ng'ambo. Amempa mgongo. Kitambaa cha kichwani cha njano, utepe wa kupimia shingoni, namba zake zikisomeka moja moja.

Kivuli chake kimeelekea jua.

Alizunguka bwawa lile akipasua matete, akaingia mpaka kifuani, hakukuta hata unyayo. Ndipo akamkumbuka mzee na penseli yake. Alikimbia mpaka kwa mchapaji bila viatu.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Kwenye benchi, kando ya mashine, alikaa mwanamume amefunikwa blanketi, anatiririka maji, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mzee alikuwa amepiga magoti anamfuta miguu. Chumba kizima kilinuka nguo zilizosahauliwa majini.

"Ni mdogo wangu," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Miaka ishirini na miwili alikuwa mle. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya kamera."

Mdogo huyo hakuonekana kupita miaka ishirini na mitano.

"Mrudishe dada yangu!"

"Mkono wa ndugu haufuti. Nilimfuta mara ngapi? Asubuhi nikiamka, yupo. Mpaka amfute asiyemjua. Na pale hapakubali kubaki wazi."

"Nani kaweka mambo hayo? Kuna nini mle?"

"Sijui," mzee alinong'ona, na alikuwa analia kweli. "Nilikuta hivyo. Nisamehe."

Yule wa kwenye benchi akainua uso. Sauti yake ilitoka nzito, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Nilipishana naye," alisema. "Aliniuliza kama umeipata picha."

Polisi walipekua bwawa siku tatu. Wachimba kokoto walisaidia kwa kamba na ndoano. Hawakutoa kitu. Wiki iliyofuata kiwanda cha mchapaji kilikuwa na kufuli, na hakuna aliyejua ndugu wale wawili wameelekea wapi. Chongo alimfuta dada yake mara arobaini. Mara arobaini aliamka akamkuta, kitambaa chake cha njano, mgongo wake.

Siku hizi Chongo anafundisha. Watu wanamsifu, wanasema ana uvumilivu. Jana alikuja binti mmoja, mcheshi, kamera yake bado inanukia sanduku. Picha zake zilikuwa za mchana, vitu vyote katikati. Chongo alizitazama moja moja.

"Zimelala," alisema.

Akavuta karatasi, akachora visanduku tisa. Akaeleza jiwe la mbele, fokasi, mwanga wa ubavuni. Penseli ikazunguka juu kushoto. Ikazunguka mpaka karatasi ikatoboka.

"Kuna bwawa nyuma ya machimbo ya kokoto. Ila usiende peke yako. Una ndugu?"

"Nina kaka yangu," binti alisema huku akicheka. "Huyo haniachi hata nikienda dukani. Yeye ndiye kaninunulia hii kamera."

Chongo aliweka penseli chini. Pembeni, juu ya cherehani, lilikuwa gauni la bibi harusi lisilo na mikono, limeshika vumbi mabegani. Alilitazama muda mrefu, kwa macho yote mawili.

"Nenda naye," alisema.