Tenga la Mwantumu Ukutani

— Hiza, tenga langu liko wapi?

Hiza, fundi rangi kutoka Korogwe, aligeuka na brashi mkononi. Wiki tatu alikuwa akimchora mchumba wake Mwantumu kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji cha ujamaa, Mazingara, akitoka shambani na tenga la mahindi kichwani. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

— Mwenyekiti Mbaruku kaniambia nilifute. Kesho wanakuja wageni wa wilaya. Anasema mwanamke mwenye mzigo anatutia aibu.

— Ukakubali? Ukanishikisha na maua?

— Nilitaka upendeze, Mwantumu.

— Kumbe nikibeba sipendezi! Mwaka wa njaa kijiji hiki kilikula nini kama si mahindi tuliyobeba sisi? Ukinionea aibu ukutani, nyumbani kwako utanificha wapi? Jumamosi usije!

Akaondoka, shingo wima. Hiza alijua amelikoroga.

Asubuhi alimfuata kwenye shamba la kijiji.

— Nitwisheni na mimi, — aliwaambia akina mama.

Wakamtwisha, wakacheka hadi machozi, maana mwanaume mzima aliweka tenga juu ya nywele tupu! Hatua tano tu, kichwa kinawaka moto.

— Utavunjika shingo, we baba, — Mwantumu akasema. Alisokota kanga yake ikawa ngata, akamwekea kichwani. — Usitazame chini. Tembea.

Alitembea mpaka ofisini, jasho likimtiririka. Alipotua tu akashika brashi. Akachora tenga, akachora ngata ambayo hata mara ya kwanza aliisahau, na mishipa ya shingo, na macho yanayotazama mbele. Sasa ndipo alipomwona mwanamke aliyetaka kumuoa.

— Nani kakuruhusu? — Mbaruku akafoka.

— Mwenyewe aliyebeba, mzee. Ukitaka kufuta, futa kwa mkono wako.

Mbaruku akanyoosha mkono kuchukua brashi. Akina mama walikuwa wamefika na matenga yao, wamesimama mbele ya ukuta, hakuna aliyempisha. Mkono ukarudi mfukoni. Barabarani, Landrova ya wageni ikasimama.

Mgeni mmoja mwanamke alishuka, akausogelea ukuta, akautazama.

— Ni nani huyu?

Mbaruku alirudi nyuma hatua moja. Mwantumu akasogea mbele, tenga bado kichwani.

— Ni mimi, mama. Shikamoo. Na huyu mwenye rangi mikononi ananioa Jumamosi. Karibuni sana.