Kuku Kishingo wa Bibi Mwanabibi

"...wote kishingo, Mama, hata vifaranga vya jana!"

Zaitun, mama mdogo wake Sihaba, alikuwa amekuja Mtunda likizo kutoka chuoni. Alichuchumaa bandani, kifaranga chenye shingo tupu kiganjani. Sihaba alikuwa akifagia uwanja kama kila asubuhi, lakini masikio yote yalikuwa kule.

"Najua," alisema Bibi Mwanabibi. "Kabla ya mafuriko ya mwaka juzi, katika kuku thelathini, kishingo hawakufika kumi. Leo simwoni mwenye manyoya shingoni. Jirani yetu Mshamu aliniiba wenye manyoya siku ya mafuriko, kule bondeni kwenye shamba la mpunga. Jioni nampeleka kwa mwenyekiti."

Ufagio wa Sihaba ukasimama.

"Walipona wangapi?" Zaitun akauliza.

"Sita, na jogoo mwenyewe kishingo."

"Ngoja, Mama. Hili ndilo tulilosoma, tangu nipande basi natafuta wa kumwambia." Zaitun akaleta ungo wa kunde, nyeupe nyingi, nyeusi chache. "Fumba macho, chota sita."

Mara ya kwanza Bibi alipata nyeusi mbili. Mara ya pili, moja. Mara ya tatu, nne.

"Umezichagua?"

"Nimefumba macho, nizichague kwa lipi?"

"Basi ukipanda hizo tu, shamba litajaa nyeusi. Si kwamba ni bora, wala hakuna aliyeroga. Wanaobaki wakiwa wachache, bahati ndiyo inayochagua, na watoto hurithi kwa hao waliobaki."

Bibi akatikisa kichwa. "Matenga ya kuku yalikuwa mawili. Maji yalipoanza kujaa, Sihaba aliyapandisha yote mawili kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunacholindia mpunga. La pili limekwenda wapi?"

Sihaba akaweka ufagio chini.

"Sikulipandisha, Bibi. Nilipandisha lililokuwa karibu, nikakaa kutafuna muwa. Niliporudi, maji yameshalichukua."

Bibi akamgeukia.

"Nani apone, nani azame, ilikuwa bahati tu. Lakini uliponidanganya, ukamwachia Mshamu jina la wizi. Bahati haina mwenyewe, mjukuu wangu. Uongo unaye."

Jioni hawakwenda kwa mwenyekiti. Walikwenda kwa Mshamu, na Sihaba ndiye aliyesema, mwanzo mpaka mwisho.

Mshamu alishusha pumzi. "Miaka miwili nikipita kwenu naangalia mawingu, nisije nikaambiwa nawahesabu kuku. Haya, mwanangu, yamekwisha. Na hizo kunde ndiyo habari gani?"

Zaitun alishafungua mdomo. Bibi akamshika mkono.

"Leo tumeleta samahani, Mshamu. Kesho atakuja na ungo wake, akueleze mpaka uchoke."