Jedwali Bila Majina

Haya yalimfika rafiki yangu Zuleikha, mtakwimu wa Kikwajuni, mchana kweupe. Faili lake lilikuwa na watu arubaini waliouawa kwa mapanga. Aliiamuru kompyuta itoe jedwali la idadi ya mapigo aliyopata kila mmoja, bila majina. Likatoka na mistari arubaini na mmoja. Akaandika amri nyingine, majina yaonekane.

Mlango ukapigwa paa! Bila hodi.

“Nani wewe?”

Pigo la pili likapasua ubao, ncha ya panga ikachomoza ndani. Zuleikha akapiga ukelele. Jirani yake, Bi Nunu, akaja mbio.

“Mwanangu, nani huyo? Mie nipo barazani tangu adhuhuri, hajapita mtu!”

Zuleikha akageukia kompyuta. Mstari wa mwisho ulikuwa na jina lake. Mapigo: saba.

Mlangoni yalikuwapo mawili tu.