Fahali wa Jumatano

Fahali alikata kamba siku ya mnada, katikati ya soko la mifugo la Garissa, na watu wote wakakimbia isipokuwa Idman.

Wachuuzi waliparamia malori. Wauza chai waliacha birika motoni. Yeye alibaki ameketi nyuma ya madumu yake ya maziwa ya ngamia, katika dera la manjano alilolivaa baada ya kuvua nguo nyeupe za eda, akimtazama mnyama akija kama mtu atazamavyo mvua iliyo mbali. Mkono wa mwanamume ndio uliomkamata mtandio begani na kumvuta hadi ukutani. Dumu moja likapasuka, na vumbi likanywa maziwa.

"Abaayo, dada yangu, hukumwona?"

"Nilimwona."

"Mbona hukukimbia?"

"Miguu haikutaka."

Kijana alimkazia macho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini kola ilikuwa na doa la grisi. "Wengine husema asante," alitania.

"Umenipasulia dumu."

"Fahali ndiye aliyepasua!"

"Fahali simjui. Wewe ndiye ninayekuona."

Kijana akacheka hadi akashika tumbo. Aliitwa Ayanle, fundi wa malori ya chakula cha msaada kule Ifo, kwenye kambi ya wakimbizi. Tangu Jumatano ile, mwaka 1996, kila alipopata lifti ya kuja Garissa alipitia safu ya maziwa kabla ya kunawa uso.

Ifo hakukuwa na simu. Kulikuwa na taar, redio ya mawasiliano iliyofungwa kwenye vibanda vya biashara, na kila aliyeketi kibandani alisikia pande zote mbili. Ukimaliza kusema, ulitamka 'ova' ili mwenzako ajibu. Ayanle alipoita kutoka Ifo, mwenye taar ya Garissa, mzee Abdow, alituma watu sokoni kumwita Idman, naye akaja akasimama mbele ya benchi lililojaa wateja.

"Idman, macaanto, mpenzi wangu, umekula? Ova."

"Nimekula. Ova."

"Umekula nini? Ova."

"Chakula. Ova."

Benchi zima likacheka. Abdow akainamia kipaza sauti. "Kijana, hapa wazee wanasubiri kuulizia ngamia wao. Sema unachotaka! Ova."

Redio ilikoroma kidogo. "Nataka kumwoa. Ova."

Wazee wakapiga makofi. Idman alijifunika uso kwa mtandio, na chini ya kitambaa hakujua kama ametabasamu.

Kulikuwa na jambo ambalo asingeweza kulisema kwenye chombo kile. Mumewe Keinan, dereva wa lori la Mombasa, alikuwa amekufa akiwa amekonda kama ufito, na nyumba yao ikasema ni kifua. Baada ya maziko, muuguzi mmoja alimshauri Idman apime damu. Alipima. Akaambiwa ana virusi vya ukimwi, akashukuru kwa adabu, akarudi kuuza maziwa. Tangu hapo chai haikuwa na utamu wala chumvi haikuwa na ukali. Hakulia. Alijua tu kwamba siku atakayosema, jina la Keinan litachafuka, na hakuna atakayenunua maziwa kutoka mikononi mwake.

Ndipo nyumba ya Keinan ikaleta neno. Kwa desturi ya dumaal, ndugu wa marehemu humwoa mjane ili asitoke nje ya ukoo, na zamu ilikuwa ya Kulow, mdogo wa Keinan. Mkewe Qali, aliyekuwa ananyonyesha, hakupinga. Alimtumia Idman udi, ishara ya kumkaribisha.

Idman alikwenda kwa Abdow, akashika kipaza sauti kwa mkono mkavu.

"Ayanle, usiniite tena. Naolewa na Kulow, shemeji yangu. Ova."

Redio ilikoroma. "Umelazimishwa? Ova."

"Sikulazimishwa. Ova."

"Basi niambie hunitaki. Watu wote wasikie. Ova."

Idman akakirudisha kipaza sauti mezani, akatoka. Alidhani akimuudhi Ayanle atakuwa amemwokoa. Kumwokoa Kulow kulihitaji maneno mengine.

Ijumaa baada ya sala, sheikh na wazee waliketi mkekani nyumbani kwa mama mkwe. Idman aliketi mbele yao, na wanawake wengine walikuwa nyuma ya pazia.

"Idman, binti yangu, unakubali?" sheikh aliuliza.

"Sikubali."

"Kulow ana kasoro gani?"

"Hana kasoro. Keinan alikuwa na ukimwi. Mimi ninao."

Kulow akaruka. "Usimchafue marehemu! Huo ni ugonjwa wa mabaa, wa watu wasio na dini. Ndugu yangu alikuwa anaswali!"

"Alikuwa anaswali. Na alikuwa analala Mombasa. Nilimpenda hivyo hivyo."

"Mambo haya hayasemwi mbele ya watu," sheikh alisema kwa sauti ya chini.

"Nisiposema, sheikh, Qali atayapata maradhi haya kwa mumewe, na huyo anayemnyonya naye atayapata."

Pazia likafunguka. Qali alisimama, mtoto begani. "Kulow," alisema, "inuka twende nyumbani." Alipopita, aliugusa mkono wa Idman, akaushika kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia.

Jumatano iliyofuata maziwa ya Idman yalichacha kwenye dumu. Wateja walipita wakitazama upande mwingine. Hakushangaa wala hakuumia. Alikaa tu, mikono magotini.

"Nipe kikombe, mwanamke mwongo wewe."

Ayanle alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Alichota mwenyewe, akanywa yote, akakunja uso.

"Hukusikia?" Idman aliuliza.

"Abdow alimnong'oneza mtu mmoja kwenye taar. Ifo nzima tumesikia."

"Basi rudi Ifo."

"Nimemwuliza daktari wa kambi. Anasema mpira, kila mara, bila kusahau. Nikamwendea sheikh wetu."

"Akasemaje?"

"Alianza na astaghfirullah, ndefu kweli. Akasema mpira ni wa wazinzi. Nikamwambia, sheikh, mimi naomba njia ya kuoa, si ya kuzini. Kisha akasema, mtu aliyeambiwa kila kitu akaridhia hakudanganywa, na kujikinga na maradhi si dhambi."

"Hatutapata watoto, Ayanle. Nitaugua. Utanibeba na kuniosha kama nilivyomwosha Keinan. Hakuna dawa."

"Najua." Aliweka kikombe chini. "Leo hakuna. Kesho sijui, wala wewe hujui. Siku ile nilikuvuta bila kukuuliza. Leo nakuuliza."

Kabla hajajibu, kelele zilipasuka kwenye zizi. Kamba nyingine ilikatika, ng'ombe mweusi akaja akitawanya watu na vibanda. Ayanle alinyoosha mkono na hakukuta mtu. Idman alikuwa amekwisha nyakua dumu lake, amepandisha dera, anakimbia. Ayanle alipomfikia pale ukutani, alimkuta anahema, ameshika kifua, macho yamemtoka.

"Umekimbia," alisema Ayanle.

"Nimeogopa." Alilitamka neno hilo kwa mshangao. "Ayanle, wallahi nimeogopa."

Walisimama bega kwa bega hadi vumbi likatulia na wauza chai wakarudi kwenye birika zao.

"Nenda Bura," Idman alisema hatimaye. "Adeer yangu, ndugu wa marehemu baba, ndiye walii wangu. Mwambie yote. Usimfiche hata neno."

"Akikataa?"

"Utaniita kwenye taar, uniambie. Nitasikiliza hata benchi likijaa."

Maziwa yalikuwa yamemmwagikia vidoleni wakati wa kukimbia. Aliviramba bila kufikiri, kisha akakunja uso, akacheka kidogo, na machozi yakaanza kumtoka.

"Kweli," alisema, "yamechacha."