Kamera Nne, Kiti Kimoja

Octavian aliingia dukani Jumamosi saa nne asubuhi, saa ambayo duka lile la vifaa vya umeme karibu na soko kuu la Tabora hujaa watu mpaka mlangoni, akaipita foleni yote kwa sababu tu alikuwa amevaa suti. Suti yenyewe ya bluu inayong'aa, na viatu vyenye ncha ndefu isiyo na kazi yoyote duniani. Aligonga kaunta kwa ufunguo wa gari, akamwambia dada aliyejifunga kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani amwitie fundi.

"Fundi ni mimi," Adelina alisema bila kuinua macho. "Rudi kwenye foleni."

Watu wakacheka. Akarudi, na hilo ndilo jambo pekee la maana alilofanya mwezi ule.

Zamu yake ilipofika alijieleza kwa sauti ya kusikika barabarani: yeye ni ofisa wa wilaya kule Isikizya, amehamia nyumba yake mpya Ipuli, amefunga kamera nne za ulinzi, na umeme ukikatika zinalala zote. Alitaka betri ya gari, kubwa kuliko zilizopo. Adelina akamuuliza kama nyumba yake huwashwa kwa ufunguo. Kisha akamfafanulia kwamba betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiinyonya polepole mpaka iishe kila umeme unapokatika, haimalizi mwaka. Kamera nne na mashine ya kurekodia hula kama wati arobaini. Kwa saa sita za giza alihitaji betri ya lithiamu, ndogo na ya bei.

"Na nyingine ndogo ya ruta ya intaneti," akaongeza. "Ruta ikizima, kamera zitaendelea kurekodi nyumbani, ila kwenye simu yako hutaona kitu."

Octavian alisikia nusu ya kwanza tu, maana nusu ya pili alikuwa akiitazama shingo ya Adelina. Alichukua lithiamu. Ruta ni kadude kenye taa tatu, alisema, hakawezi kudai betri yake peke yake.

Adelina alikwenda Ipuli kuifunga. Alikuta sebule yenye televisheni pana kama mlango na kiti kimoja cha plastiki. Alimwonya kwamba kamera ya mlangoni ameipachika juu mno, itapiga kofia badala ya nyuso. Octavian akajibu kwamba picha ya kutoka juu ina hadhi.

Mwanamke mwenye akili angekusanya bisibisi zake akaondoka. Adelina alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Nimejaribu kumwelewa, nimeshindwa. Tuseme ukweli, mwanaume yule alikuwa na kicheko kizuri, na akitaniwa alijicheka mwenyewe, jambo usilolitegemea kwa mtu wa viatu vile. Kila asubuhi alimpigia simu.

"Fundi wangu, umeme upo?"

"Upo, bosi wa kiti kimoja."

Baada ya miezi mitano alimpa ufunguo wa nyumba na kuanza kuzungumzia posa. Adelina akamwambia kwamba baba yake, Mzee Mahona, mfuga nyuki wa Usinge, anataka kwanza kumwona mtu huyo na mahali anapoishi. Atakuja Alhamisi saa nane mchana. "Nitakuwepo, mpenzi," Octavian alisema, macho yake yakiwa kwenye simu. Kichwani mwake aliiweka Alhamisi ya wiki moja baadaye.

Alhamisi ilipofika alikuwa kikaoni Isikizya. Adelina alipiga mara nne. Hakupokea, kwa kuwa wakubwa walikuwa mbele na yeye ni mtu wa kuonekana makini mbele ya wakubwa. Ila taarifa ya kamera ilipoingia aliifungua chini ya meza. Aliona kutoka juu kofia ya pama, koti refu na mabega mapana, na Adelina akiwa ameushika mkono wa mwenye pama, anacheka, anafungua mlango. Hapo picha ikazima. Octavian alikitazama kioo cheusi mpaka kikao kikaisha, akakijaza kila uchafu uliokuwa kichwani mwake.

Alipiga simu saa kumi na moja.

"Mwanaume wako ameondoka?"

"Mwanaume gani, Octavian?"

"Mwenye pama. Nimewaona mkiingia, halafu mkazima kamera. Wewe ni fundi, unajua pa kugusa."

Adelina alikuwa stesheni ya treni, na Mzee Mahona alikuwa ubavuni pake akipangusa vumbi kwenye pama lake. Neno moja lingetosha: baba. Aliona mtu anayehitaji kuambiwa neno hilo hastahili kuambiwa. Alisema "Sawa," akakata simu, akaizuia namba yake.

Octavian alipofika nyumbani alikuta mlangoni dumu la asali la lita tano. Alilichukulia kuwa rushwa ya kumfunga mdomo. Akaimwaga yote kwenye shimo la taka. Nyuki walikuja siku tatu mfululizo, naye akawapulizia dawa ya mbu.

Jumapili aliwasha televisheni airudie picha ile, maana hasira yake ilikuwa imeanza kupoa na hakupenda ipoe. Picha ikafika pale ilipozima kwenye simu, ikaendelea. Umeme ulikuwa umekatika, ruta ikafa, lakini kamera zilikuwa macho kama alivyoambiwa dukani. Kamera ya barazani, yenye kunasa sauti, ilimwonyesha mtu akivua pama. Kichwa kilikuwa cheupe kwa mvi, na paji la uso lilikuwa la Adelina.

Mzee alikaa hapo barazani kwenye kile kiti cha plastiki kwa saa mbili nzima. Adelina alikaa kwenye ngazi.

"Kamera nne, kiti kimoja," Mzee Mahona alisema. "Anaogopa aibiwe nini?"

"Ana kazi nyingi, baba. Lakini ana kicheko kizuri."

"Na kicheko nacho kina kikao?"

Alipoondoka aliliweka dumu mlangoni mwenyewe. "Aionje," alisema. "Atuambie ameionaje."

Octavian alizima televisheni. Aliona aibu, na ni vizuri aliiona.

Jumatatu alikuja dukani akapanga foleni, watu kumi na mmoja mbele yake.

"Nimeiona rekodi yote," alisema alipofika kaunta. "Nisamehe."

"Hongera. Betri nzuri ile." Adelina hakuinua macho. "Baba anauliza kila siku. Asali umeionaje?"

Hapo angeweza kusema tamu, na nilimtegemea aseme hivyo.

"Niliimwaga shimoni."

Adelina akaweka bisibisi chini. "Basi ukamwambie wewe."

Walikwenda Usinge Jumamosi kwa treni. Adelina alikaa kiti cha mbele yake, hakugeuka njia nzima. Alikuwa amefuata jambo moja tu, kuhakikisha hadanganyi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Asali umeionaje?"

"Niliimwaga, baba," Octavian alisema. "Nilidhani wewe ni mwanaume mwingine. Sikupokea simu, sikuja, na sikuionja."

Mzee Mahona alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ncha za viatu, na huko chini macho yakakaa zaidi. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la asali, kijiko na kiti. Octavian akasogea akitaka kukaa. Mzee akakikalia mwenyewe.

"Chuchumaa. Onja hapa hapa, nikuone kwa macho yangu."

Akachuchumaa na suruali yake ya suti, akaonja.

"Tamu?"

"Tamu, baba."

"Na ile ilikuwa hivi hivi."

Octavian akainama, machozi yakamtoka, hakuyafuta. Mimi ningemwacha pale na nzi waliofuata asali. Adelina akaja akachuchumaa kando yake, akamnyang'anya kijiko, akakilamba.

"Viti sita," alimwambia. "Na betri ya ruta. Ndipo ulete hiyo posa yako."