Mganda wa Kwanza

Rafiki yangu Painem ni mjane asiye na mtoto, na shemeji yake Wagiyo alilitaka shamba lake la mlimani.

“Mganda wa kwanza wa mpunga hubebwa na mama,” alimwambia mbele ya majirani. “Wewe umemzaa nani, shemeji? Ukishindwa kuufikisha ghalani, shamba ni langu.”

“Nitaufikisha. Wewe kaa kizingitini pangu, ushuhudie.”

Alasiri ya mavuno alikata masuke ya kwanza, akayafunga, akaubeba mganda kifuani kwa mtandio, kama mtoto mchanga. Mila yao haina msamaha: mbebaji haneni wala hageuki nyuma mpaka ghalani.

Ukungu ukashuka, njia ikawa giza. Nyuma yake matope yakaanza kulia, chwa, chwa, kwa nyayo za mtu.

“Shemeji! Umesahau kisu!”

Ilikuwa sauti ya Wagiyo. Painem aliuma meno, akaendelea.

“Geuka basi, tasa wee!” Sasa sauti ilikuwa sikioni kabisa. Hakugeuka.

Nyumbani alimkuta Wagiyo kizingitini, kikombe cha kahawa mkononi.

“Huyu hajainuka hapa tangu adhuhuri,” jirani alicheka. “Anakuombea ujikwae!”

Painem aliulaza mganda ghalani, akarudi kizingitini, ndipo akafungua kinywa. “Shamba ni langu. Nipishe mlangoni.”

Wagiyo alikuwa akimkodolea macho kifuani. Blauzi ilikuwa imelowa upande wa kushoto, pale kichwa cha mganda kilipolala. Painem aligusa lile doa. Yalikuwa maziwa, na yalikuwa bado na joto.